Anga la Siongiroi

Mwalimu anapoita majina asubuhi katika darasa lolote la Siongiroi, kule Chepalungu katika kaunti ya Bomet, huwa anasoma saa bila kukusudia. Kipkoech alizaliwa kukipambazuka. Kipngetich alizaliwa ng'ombe wakitolewa kwenda malishoni. Kibet na Chebet walikuja mchana, Kiprotich ng'ombe waliporudi nyumbani, Kiplangat na Chelangat giza lilipoanza kutanda, Kipkemoi na Chepkemoi usiku. Mtoto wa Kikipsigis hupewa jua kuwa jina lake kabla hajaweza kulitazama.

Basi anayedhani kuwa shauku ya anga ni jambo la watu wa mbali, wenye roketi na miwani minene, na aanze na daftari hilo la mahudhurio.

Kabla ya makanisa kuenea nchi hii, Wakipsigis walimwita Mungu Asis, na jua lilikuwa ishara yake ionekanayo na wote. Nje ya nyumba, upande wa mashariki, palisimamishwa mabwaita, madhabahu ya matawi ya miti, na hapo familia iliomba ikiwa imeelekea jua linakochomoza. Ibada ya watu wengi ilifanyika kilimani, mahali palipoitwa kapkoros. Siku hizi waumini wengi wako kanisani Jumapili, lakini wazee hawajasahau ni upande gani wa boma uliokuwa wa sala.

Nyota nazo zilikuwa na kazi. Mwaka 1909 A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi, ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na asili. Aliandika kwamba Wanandi walilitazama kundi la nyota waliloliita Koremerik ili wajue kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Waswahili wa pwani wanalijua kundi hilohilo kwa jina la Kilimia, jina linalotokana na kulima, na wanao msemo wa kale unaofungamanisha kuzama na kuzuka kwake na majira ya mvua na ya jua. Mkulima wa milimani na mkulima wa mwambao, ambao pengine hawakuwahi kuonana, walisoma kalenda moja. Hollis alieleza pia kwamba ule mkanda mweupe unaokatiza anga usiku ulisemekana kuwa ziwa kubwa, na ndani yake watoto wanaoga na kucheza. Wanafalaki wa leo wanasema ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, jua letu likiwa mojawapo. Maelezo yote mawili yanastahili kusimuliwa kwa mtoto, mradi aambiwe lipi ni lipi.

Siongiroi ina bahati ambayo wengi hawaijui. Iko karibu nyuzi moja tu kusini mwa ikweta. Mtu aliye London hataiona Salibu ya Kusini hata akeshe mwaka mzima, na aliye Cape Town hawezi kuziona nyota saba za Dubu Mkubwa zote pamoja. Aliye Siongiroi anaona kote kuwili. Kila Machi na kila Septemba jua humsimamia utosini hadi kivuli chake kinajificha chini ya nyayo. Ila asikingoje saa sita kamili. Saa ya Kenya hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Bomet iko magharibi yake kwa nyuzi karibu kumi, kwa hiyo jua hufika juu kabisa baada ya saa sita na nusu. Mwalimu mwenye kijiti kilichonyooka na uwanja wa mpira anaweza kulithibitisha hilo bila senti moja.

Ikweta hiyohiyo ndiyo iliyowaleta Waitalia Kenya. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayorushwa upande huo hupata msukumo huo bure. Profesa Luigi Broglio wa Roma alichagua bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na jukwaa la San Marco likasimamishwa majini. Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi ziliruka kutoka hapo juu ya Bahari ya Hindi.

Ya kukumbukwa kuliko zote iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Roketi aina ya Scout ilibeba setilaiti ya Marekani, na Marjorie Townsend wa NASA, mhandisi aliyesimamia mradi huo, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka angani. Mionzi hiyo ni ileile ipigwayo hospitalini kutazama mfupa uliovunjika, ila ile ya angani huzuiwa na hewa isifike ardhini. Anayetaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kikimemeteka kwa kasi ya ajabu, mwanga wake ukipanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapo wanasayansi walishtuka. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika upesi hivyo, kwa sababu mwanga wenyewe huhitaji muda kukivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Basi chanzo hicho kilikuwa kidogo mno, na hata hivyo nyota iliyo jirani yake ilionekana ikivutwa na uzito mkubwa. Cygnus X-1 ndicho kitu cha kwanza kilichokubalika na wengi kuwa shimo jeusi, mahali penye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wa kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Watoto wangapi wa Kenya wanajua kwamba mmojawapo wa milango ya elimu hiyo ulifunguliwa Ngomeni, kwa setilaiti yenye jina la Kiswahili? Habari hii inastahili nafasi darasani kandokando ya habari za mikutano ya Lancaster House iliyotangulia uhuru.

Malindi ni mbali na Bomet, lakini anga lina njia ya kumfikia mkulima hadi shambani. Siongiroi yenyewe inajulikana zaidi kwa maziwa na mahindi. Panda juu kuelekea Konoin na Kericho, unaingia katika chai. Huko anga ni gumu kwa mpenzi wa nyota. Alasiri nyingi mawingu hujikusanya, mvua hunyesha, na Kericho ina sifa duniani kote kwa mvua ya mawe. Usiku wa anga safi hupatikana zaidi kati ya Desemba na Februari, na usiku huo ndio unaomkosesha usingizi mwenye chai. Mchana ardhi hunyonya joto la jua, na usiku hulitoa lipande juu. Mawingu yakiwepo, yanalirudisha kama blanketi. Yasipokuwepo, joto linapotelea angani moja kwa moja. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama bondeni, na alfajiri jalidi imekaa juu ya majani kama chumvi iliyonyunyizwa. Jua likipanda, chipukizi zinageuka rangi ya kutu, halafu zinakauka na kusagika mkononi. Januari 2012 chai nyingi ya milima hii iliungua hivyo, na katika mashamba ya chai hakuna haja ya kumweleza mtu maana yake kwa bonasi ya mkulima.

Tangu hapo wataalamu wa RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani kilichoko Kasarani, Nairobi, wametumia setilaiti za Terra na Aqua, ambazo hupima joto la uso wa nchi hata usiku, kuchora ramani za mahali jalidi ilipopiga. Ramani haiokoi jani lililokwisha kuungua. Inaonyesha mabonde yanayopigwa mara kwa mara, na hilo ni jambo ambalo mwenye kampuni ya bima, afisa wa kilimo na mkulima mwenyewe wanalihitaji kabla ya kupanda miche mipya.

Kenya nayo imekwisha kutuma setilaiti zake. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na Waitalia na Wajapani, kilituma 1KUNS-PF, kisanduku cha sentimita kumi kila upande, kilichoachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa tarehe 11 Mei 2018. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka Vandenberg, California, ili kupiga picha zitakazosaidia kilimo. Hakuna sababu ya kucheka udogo wa setilaiti hizi. Wahandisi vijana wa Kenya walizishughulikia kwa mikono yao, na ujuzi huo haununuliki dukani.

Anga lina upande wa hatari pia. Tarehe 30 Desemba 2024 kijiji cha Mukuku, Makueni, kiliangukiwa na pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia.

Kinachokosekana katika shule nyingi za vijijini ni darubini. Susan Murabana na mumewe Daniel Chu Owen wameifanya kuwa kazi yao kuzunguka nchini na darubini kubwa, wakiwaonyesha watoto sayari. Anayeweka jicho kwenye kioo kwa mara ya kwanza na kukutana na Zohali huwa haamini. Ni kidoa cha rangi ya samli, kimezungukwa na pete isiyokigusa, kikitetemeka kidogo kwa sababu ya hewa. Wala hakitulii. Muda si mrefu kimeteleza hadi ukingo wa kioo na kutoweka, kwa kuwa dunia inazunguka, na mtoto aliyesomeshwa jambo hilo ubaoni miaka mitatu analiona likitendeka kwa jicho lake. Kila kaunti ingefaa kuwa na darubini moja ya kupita shuleni. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na gari moja la ofisi.

Hata bila darubini, kipo cha kuanzia. Mwanzoni mwa Juni, saa mbili na nusu usiku, simama uwanjani Siongiroi na utazame kaskazini. Nyota saba za Dubu Mkubwa zimeinama juu ya upeo. Geuka nyuma bila kuhama mahali pako, na Salibu ya Kusini imesimama wima, karibu kwa kimo kilekile. Mwalimu wa zamu katika shule ya bweni na azime taa za nje kwa dakika kumi na kuwatoa wanafunzi. Mawingu yakitanda, ajaribu kesho yake.