Samaki Mwenye Deraya Katika Nchi ya Jua

Kambare wa Mto Turkwel na Ziwa Turkana tunamfahamu. Je, mwamjua jamaa yake mdogo avaaye deraya? Huyo ni koridora. Kwao ni Amerika ya Kusini. Hana magamba, kila ubavu una safu mbili za vibao vya mfupa.

Najua wako watakaocheka: "Watu wapanga foleni ya maji Kakuma, nanyi mwataka samaki wa urembo!" Swali hilo ni la haki. Basi na tupige hesabu.

Koridora 6 wa aina ya sterbai, wenye urefu wa sentimita 6 hivi, hutoshwa na tangi la kioo la lita 80, yaani mitungi 4 ya lita 20. Tandika mchanga laini uliooshwa, maana wenye ncha huumiza ndevu anazotafutia chakula. Panda majani ya majini, tia punje chache za chakula zioze, kisha ngoja majuma 4 hadi 6. Mbona usubiri? Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa mchangani huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, halafu nitrati, ambayo majani huila. Bakteria hao hawazaani kwa siku moja.

Adui mkubwa Lodwar ni joto. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na sterbai hupenda nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Liepushe tangi na jua, na ulizungushie kitambaa kilicholowa maji ili lipoe. Koridora akichomoka juu mara moja moja, usishtuke: anameza hewa, na utumbo wake huinyonya. Wakipanda wote kila mara, jua oksijeni imepungua.

Kila juma badilisha lita 16 tu, hata mtungi haujai. Joto nalo litakunywa kiasi chake, kifidie. Maji ya mfereji yenye klorini yaache ndoo wazi siku nzima kwanza. Na yale machafu usiyamwage ovyo! Yana nitrati, mbolea safi ya sukuma wiki. Samaki ukimchoka, mpe mwenzako. Usimtie Turkwel, kwani si kwao.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Koridora naye tumempa lake: maji aliyoogelea Jumamosi, Jumapili yako shambani.