MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: FLASHI YA KUSIMIKIA MFUMO ENDESHI INAPOKATAA KUWASHA KOMPYUTA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zinazotumia mfumo huo zinaendelea kufanya kazi, lakini zisizokuwemo katika mpango wa nyongeza wa kampuni hiyo hazizibiwi tena mianya inayogunduliwa. Kwa sababu hiyo, watumishi wa Serikali na wananchi wengi wa Unguja na Pemba wanalazimika ama kuhamia Windows 11, ama kutumia mifumo isiyolipiwa leseni kama vile Ubuntu na Linux Mint.

Wapo wanaoikamilisha kazi hiyo Dar es Salaam. Mwenye safari ya kikazi, aliyemsindikiza mgonjwa Muhimbili, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichopo Upanga, hutembea kwa miguu hadi Kariakoo, hununua flashi, kisha humpa fundi "ampigie Windows", kama isemwavyo mitaani, au hujaribu mwenyewe. Tatizo huja kuonekana baadaye: boti imekwishafika Malindi, kompyuta imewekwa mezani, na flashi haisomwi. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kumwezesha mtumiaji kuitambua hitilafu akiwa bado karibu na duka au fundi.

1. Usalama wa nyaraka

Jambo hili linatangulia mengine yote. Kutayarisha flashi ya kusimikia hufuta kila kilichokuwemo ndani yake. Aidha, usimikaji unaofuta diski huondoa barua, hesabu na picha zote zilizohifadhiwa. Inashauriwa nyaraka zinakiliwe kwenye diski ya nje, na nakala hizo zifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kuwa zinasomeka. Flashi yenye nakala isitumike kuwa flashi ya kusimikia. Programu ya kutayarishia inapouliza chombo cha kuandikia, jina na ukubwa wake vitazamwe mara mbili, kwani atakayechagua diski ya nje kwa makosa ataifuta.

Kompyuta nyingi za kisasa hufungwa kwa ulinzi uitwao BitLocker. Mabadiliko katika mipangilio ya uwashaji yanaweza kuifanya kompyuta idai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo utafutwe na uandikwe mahali pa salama kabla ya kugusa mpangilio wowote. Asiyekuwa nao anaweza kupoteza nyaraka zake zote, hata kama hakuna kilichofutwa.

2. Faili limenakiliwa, halikuandikwa

Hili ni kosa la kawaida kabisa. Mfumo endeshi hupatikana kama faili moja kubwa la aina ya ISO. Mtumiaji akilinakili faili hilo kwenye flashi kama anavyonakili barua, kompyuta haitawaka kwalo. Ni lazima liandikwe kwa programu maalumu, kama vile Rufus, balenaEtcher, au ile inayotolewa na Microsoft yenyewe, ambayo huhitaji flashi ya angalau GB 8. Dalili ni rahisi: flashi ikifunguliwa na kuonekana faili moja tu lenye mwisho wa .iso, kazi haijafanyika, isipokuwa flashi hiyo iwe imetayarishwa kwa programu ya Ventoy, ambayo hukubali utaratibu huo.

3. Faili lenye kasoro

Faili la Windows 11 huzidi GB 5, na mtandao ukikatika njiani linaweza kufika likiwa pungufu. Wachapishaji wa mifumo hutoa alama ya uhakiki ya SHA-256 yenye herufi na tarakimu 64. Katika Windows, amri certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, huonyesha alama ya faili lililopokelewa. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili lisitumike. Vilevile faili lipatikane kwa mchapishaji mwenyewe. Nakala zinazozungushwa mkono kwa mkono, hasa zilizoambatana na programu za kukwepa leseni, huweza kubeba virusi, na hazifai kuingizwa katika kompyuta ya ofisi.

4. Flashi isiyokuwa na ukubwa ulioandikwa

Zipo flashi zilizoandikwa GB 64 au zaidi ilhali uwezo wake wa kweli ni mdogo. Huonekana kupokea kila kitu, lakini kinachozidi uwezo huo hupotea au huharibika, na usimikaji hukatika katikati. Programu ya H2testw katika Windows, au F3 katika Linux, huijaza flashi na kuisoma upya ili kubaini ukweli. Mnunuzi anashauriwa kuwa na risiti na kufanya jaribio hilo kabla ya safari ya kurudi.

5. Kompyuta haioni flashi

Kwanza, flashi ihamishiwe tundu jingine, na ichomekwe kwenye kompyuta yenyewe badala ya kupitia kigawanyio. Pili, ifunguliwe orodha ya uwashaji mara tu kompyuta inapowaka: kwa kawaida ni kitufe cha F12 kwa Dell na Lenovo, na F9 kwa HP. Tatu, Windows ikizimwa kwa njia ya kawaida huenda isizimike kabisa kutokana na mpango wa uwashaji wa haraka. Hivyo ichaguliwe amri ya kuwasha upya.

Ikiwa flashi bado haionekani, huenda muundo wake haulingani na kompyuta. Kompyuta mpya hutumia utaratibu wa UEFI, na za zamani hutumia BIOS. Kompyuta nyingi za UEFI husoma flashi yenye muundo wa FAT32, nao muundo huo haupokei faili linalofikia GB 4. Kwa kuwa faili kuu la Windows mara nyingi huvuka kiwango hicho, anayenakili kwa mkono hukwama. Rufus hulitatua tatizo hilo kwa kutumia muundo wa NTFS na kuongeza sehemu ndogo ya kuanzishia.

6. Flashi inawasha kompyuta, usimikaji unagoma

Ujumbe unaosema kuwa diski ina jedwali la MBR maana yake ni kwamba flashi imewashwa kwa UEFI ilhali diski imegawanywa kwa utaratibu wa zamani. Kuigeuza diski kuwa GPT kwa kuifuta kutaondoa nyaraka zote, kwa hiyo irejewe sehemu ya 1. Diski isipoonekana kabisa, hasa katika kompyuta zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, mara nyingi diski haijafa. Kinachokosekana ni kiendeshi cha hifadhi, ambacho hupatikana kwa mtengenezaji wa kompyuta na kuwekwa kwenye flashi hiyo hiyo.

Windows 11 hudai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hazimo katika orodha inayokubaliwa. Kompyuta ya aina hiyo haina ubovu, na inaweza kuendelea kutumika kwa Linux.

Mwisho, watumishi wanakumbushwa kuwa kompyuta ya Serikali isikabidhiwe kwa fundi wa nje bila idhini ya ofisi, kwani anayekabidhiwa kompyuta amekabidhiwa pia nyaraka za wananchi zilizomo. Mtumishi mwenye shaka awasiliane na kitengo cha TEHAMA cha taasisi yake kabla ya kusafiri.