Mtutu Mmoja, Risasi za Namna Mbili

Ukiitazama rivolva ya Judge kwa mara ya kwanza, jicho linavutwa na silinda. Ni ndefu mno, inakaribia urefu wa mtutu wenyewe, na sababu yake ni moja: matundu yake matano yamechimbwa kupokea risasi za namna mbili. Unaweza kutia risasi ya kawaida ya bastola, ile ya .45 Colt ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1873, au ukatia ganda la .410, ambalo ni dogo kuliko maganda yote ya kawaida ya bunduki ya marisawa, ile inayotoa punje nyingi kwa mpigo mmoja. Unaweza hata kuzichanganya, tundu hili marisawa, lile risasi. Kampuni ya Taurus ya Brazil iliipa jina hilo la Judge, yaani hakimu, katikati ya miaka ya 2000, na yenyewe husimulia kwamba lilitokana na mahakimu wa Miami waliokuwa wakiinunua ili wajilinde hata kortini. Mwaka 2011 Smith & Wesson nao wakaleta Governor, yenye matundu sita na nafasi ya risasi ya aina ya tatu, .45 ACP.

Wanaozisifu bastola hizi wana hoja inayoingia akilini upesi. Mtu aliyeamshwa usiku wa manane na kishindo cha mlango, mikono inamtetemeka, macho hayajazoea giza, hataweza kulenga vizuri. Basi mpe marisawa: punje zitatawanyika, na hata akikosea kidogo mojawapo itampata mvamizi. Hoja hiyo imeuza bastola nyingi Marekani. Mimi naiona ni hoja ya hatari, kwa kuwa fizikia haiiungi mkono, na anayeiamini ameweka roho yake rehani.

Tuanze na mtutu. Ndani ya mtutu wa bastola au raifoli kuna mifuo iliyosokotwa, nayo huizungusha risasi ili iruke imetulia bila kupinduka. Bunduki ya marisawa haina mifuo. Mtutu wake ni laini, kwa sababu mamia ya punje hayana haja ya kuzungushwa. Mtu angetarajia kwamba bastola iliyotengenezwa kwa ajili ya marisawa ingekuwa na mtutu laini. Judge ina mifuo, na chanzo cha jambo hilo ni sheria ya mwaka 1934.

Kabla ya mwaka huo, bastola zenye mtutu laini ziliuzwa waziwazi Marekani. Kampuni ya Harrington & Richardson ilikuwa na moja iliyoitwa Handy-Gun, iliyotumia maganda ya .410, na Ithaca walikuwa na yao kubwa zaidi. Mwaka 1934, majambazi wenye bunduki za rashasha wakiwa wametikisa nchi, bunge likapitisha Sheria ya Taifa ya Silaha za Moto. Bunduki za marisawa zenye mtutu mfupi kuliko inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, zikawekwa chini ya usajili na kodi ya dola 200, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Bastola zenye mtutu laini nazo zikanaswa katika sheria hiyohiyo. Handy-Gun ikakoma kutengenezwa. Miongo kadhaa baadaye watengenezaji wakaona mlango: bastola yenye mtutu wa mifuo, uliotengenezwa kwa risasi ya .45 Colt, ni bastola ya kawaida mbele ya sheria ya shirikisho, hata kama matundu yake yanapokea pia ganda la marisawa. Judge ikapitia mlango huo. California haikuufungua, huko silaha hii inahesabiwa kuwa bunduki ya marisawa iliyofupishwa, nayo ni marufuku.

Kwa hiyo mifuo ipo ili kuiridhisha sheria na kuihudumia risasi ya .45. Marisawa yanapita humo kama mgeni, na yanalipa.

Malipo hayo tunaweza kuyapiga hesabu. Tuchukue mtutu ambao mifuo yake inakamilisha mzunguko mmoja kwa kila sentimita 30. Fungu la marisawa la .410 lina upana wa milimita 10 hivi, kwa hiyo punje ya ukingoni iko milimita 5 kutoka katikati. Fungu linapozungushwa mara moja, punje hiyo inatembea duara la takriban milimita 31, na wakati huohuo inasonga mbele milimita 300. Yaani kwa kila hatua kumi za mbele kuna hatua moja ya pembeni. Ndani ya mtutu, ukuta unaizuia. Ikishatoka mdomoni hakuna cha kuizuia tena, nayo inachepuka kwa uwiano huohuo: mwendo wa mita 3, sentimita 30 kila upande, mwendo wa mita 6, sentimita 60, ambazo zinafanya duara la sentimita 120, pana kuliko kifua cha mtu yeyote. Kasi haimo kabisa katika hesabu hii. Ongeza baruti au ipunguze, uwiano unabaki uleule.

Hali halisi ni nafuu kidogo. Kikombe cha plastiki kinachobeba marisawa huteleza juu ya mifuo badala ya kung'ang'aniwa nayo barabara, na Taurus waliifanya mifuo ya Judge isiwe na kina kikubwa ili kupunguza mzunguko. Hata hivyo, wanaopiga kwenye karatasi huona mara kwa mara kwamba marisawa madogo yamesambaa pembezoni na kuacha punje chache katikati, mahali hasa palipolengwa.

Tatizo hili halikuwa siri. Bastola ya Contender ya Thompson/Center, yenye risasi moja tu, iliuzwa na mtutu wa .45 na .410 miaka mingi kabla ya Judge. Watengenezaji wake waliweka mdomoni mwa mtutu kifaa cha kuchomoa chenye mifuo iliyonyooka, kazi yake ikiwa kuusimamisha mzunguko wa marisawa kabla hayajatoka. Ukitaka kupiga risasi ya kawaida, unakitoa. Na kabla yao, mwaka 1856, daktari wa New Orleans aitwaye Jean Alexandre LeMat alisajili hataza ya rivolva iliyobeba risasi tisa katika silinda, huku katikati ya silinda hiyo kukiwa na mtutu wa pili, laini na mnene, kwa ajili ya marisawa. Maofisa wa majimbo ya Kusini waliibeba katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Ilikuwa nzito na ya shida kuitia, lakini LeMat alikuwa ameelewa jambo: alizipa risasi mtutu wake na marisawa mtutu wake. Judge imevipitisha vyote viwili katika njia moja, na mshika mawili moja humponyoka.

Kwa Judge yaweza kusemwa kwamba yote mawili yamemponyoka nusunusu. Maana risasi ya .45 Colt nayo inaumia. Tundu la silinda lina urefu wa kutosha ganda la inchi 2.5, yaani milimita 63 hivi, lakini risasi ya .45 Colt nzima ina urefu wa milimita 40 tu. Inapolipuka, kichwa chake kinavuka nafasi ya zaidi ya sentimita mbili kabla ya kuigusa mifuo. Katika rivolva ya kawaida nafasi hiyo ni ndogo sana. Njiani kichwa kinaweza kuinama kidogo, na gesi inapata muda wa kukipita pembeni. Ulengaji unapungua, kasi inapungua. Kwa mtu aliye chumba kimoja na mvamizi tofauti hiyo si kubwa, lakini ni tofauti ambayo mwenye bastola ya kawaida ya .45 hailipi.

Sasa tuje kwenye swali zito zaidi: punje zikifika, zinafanya nini? Hapa yapo maarifa yaliyonunuliwa kwa damu. Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI walikabiliana Miami na majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Mapema katika mapambano risasi ya ofisa Jerry Dove ilipita katika mkono wa Platt, ikaingia kifuani, ikasimama karibu sana na moyo bila kuufikia. Jeraha lile lilitosha kumuua Platt, ila halikumuua kwa wakati. Aliendelea kupiga, na Dove na mwenzake Benjamin Grogan wakafa pale. Maofisa wengine watano walijeruhiwa.

Baada ya siku ile FBI iliacha kuuliza risasi ina nguvu kiasi gani, ikaanza kuuliza inafika wapi. Msaada mkubwa ulitoka kwa Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi aliyewatibu majeruhi Vietnam kisha akaongoza utafiti wa majeraha ya risasi San Francisco. Yeye ndiye aliyeimarisha matumizi ya jelatini ya asilimia 10, iliyopoozwa hadi nyuzi 4 za Selisiasi, ambayo huizuia risasi karibu sawa na misuli ya kiumbe hai. Kipimo kilichowekwa na FBI kinadumu hadi leo: risasi ya kujilindia izame angalau inchi 12 katika jelatini, yaani sentimita 30, na isivuke inchi 18, kama sentimita 46. Sentimita 30 huonekana nyingi hadi ukumbuke kisa cha Platt. Mtu hasimami kama ubao wa shabaha. Mkono uko mbele ya kifua, mwili umegeuka upande, kuna koti nene.

Marisawa madogo ya ndege hayakaribii hapo. Punje ya namba 6 ina kipenyo cha milimita 2.8 na uzito wa gramu 0.13 hivi. Ilinganishe na punje kubwa ya kuwindia iitwayo 000, yenye milimita 9 na gramu 4.5. Ile kubwa ni nzito mara 34, lakini uso wake unaokutana na upinzani ni mpana mara 10 na ushei tu. Kila sehemu ya uso wake inasukumwa na uzito mara tatu zaidi, na ndiyo sababu inazama wakati ndogo imeshakwama. Ikitoka katika mtutu wa inchi tatu, ambamo baruti haipati nafasi ya kuisukuma ipasavyo na sehemu ya gesi inavuja katika mwanya kati ya silinda na mtutu, punje ya ndege inafanya jeraha baya kutazama, jeraha la damu na maumivu, ambalo mtu aliyedhamiria kuua anaweza kuendelea nalo. Yaani marisawa yanayotawanyika vizuri ndiyo yasiyozama, na hoja ya kutolenga inaanguka hapo.

Watengenezaji wa risasi walilijua hilo, wakatengeneza maganda maalumu. Kampuni ya Federal ina ganda la punje nne za 000 kwa ajili ya bastola hizi. Winchester wakaja na PDX1, yenye visahani vitatu vya risasi na punje ndogo 12 nyuma yake. Haki itendeke: punje nne za 000 zinafikia kipimo cha FBI katika jelatini, na kwa mwendo wa chumbani hubaki karibukaribu. Ni risasi ya kuheshimiwa. Lakini kwa kuwa zinabaki karibukaribu, mpigaji lazima alenge kama mwenye bastola yoyote, na punje yenye nguvu ya kuzama sentimita 30 mwilini inapenya pia ukuta mwembamba wa jasi wa nyumba za Marekani. Huko upande wa pili kuna kitanda cha mtoto wa mtu. Kila punje iliyomkosa mvamizi ni ya aliyeifyatua, kisheria na kimaadili. Na akishafyatua mara tano amekwisha, ilhali bastola ya kawaida ya milimita 9 hubeba risasi 15 au zaidi, hulengeka kwa urahisi, na risasi zake za mazoezi ni za bei nafuu.

Ipo kazi ambayo silaha hii inaiweza kweli. Mfugaji wa Texas au Arizona akikutana na nyoka wa njuga umbali wa mita mbili, marisawa madogo yanamtosha: mwili wa nyoka ni mwembamba, kichwa ni kidogo na kinatikisika, na hakuna haja ya kuzama sana. Hata hapo madaktari husisitiza kwamba kurudi nyuma na kumwacha aende zake ni salama zaidi, maana wengi huumwa wakijaribu kumshika au kumuua.

Hukumu yangu basi ni hii: kwa nyoka inafaa, kwa kumzuia binadamu ni chaguo la chini, na ikitiwa marisawa ya ndege ni chaguo baya. Ndugu zetu wasemao Kiswahili waliohamia Marekani, walioko Texas, Kentucky, Iowa na kwingineko, wanazikuta bastola hizi kwenye makabati ya maduka. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, ajue kwamba kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha ya moto. Anayeruhusiwa na anayetaka kununua, asitoe fedha kwa maneno ya muuzaji. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola. Akodi Judge, atundike karatasi kubwa mita sita mbele, apige ganda moja la kila aina, kisha asogee karibu ahesabu mwenyewe ni punje ngapi zimeingia palipokusudiwa na ngapi zimekwenda pengine.