Neno Lililofika Mfukoni: Walokole na Usomaji wa Biblia Nuruni

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki neno mlokole hutumika leo kumtaja Mkristo yeyote anayetamka wazi kwamba ameokoka, hasa wa makanisa ya Kipentekoste, na mara nyingine hutamkwa kwa dhihaka. Lakini asili yake ni Kiganda, katika kitenzi kulokoka ambacho ni ndugu wa damu wa kuokoka cha Kiswahili, na watu wa kwanza kuitwa Balokole, yaani waliookoka, walikuwa Waanglikana wa Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao hawakuhama kanisa lao wala kuleta kitabu kipya. Biblia waliyoisoma ilikuwa ileile iliyosomwa na wenzao madhabahuni kila Jumapili. Kilichokuwa kipya ni kwamba walikataa kuhesabu aya kuwa imesomwa kabla haijafika kwenye deni, kwenye ugomvi na kwenye kitu cha watu kilichofichwa nyumbani, na kwa sababu hiyo historia yao inafaa kuangaliwa upya na kila anayejiuliza Maandiko yana kazi gani katika maisha ya kila siku.

Mwanzo wa habari hii huwekwa kwa kawaida mwezi wa Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, pale daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa amechoka mwili na roho baada ya kuhudumia wagonjwa na wenye njaa huko Gahini, mashariki mwa Rwanda kando ya Ziwa Muhazi, alipokutana na Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi. Wawili hao walikaa na Biblia wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, na katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wa kikoloni jambo hilo peke yake lilikuwa la ajabu, kwa maana Mzungu na Mwafrika waliketi kama wanafunzi wawili wenye upungufu uleule. Baadaye Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali ya Gahini, alifika Kampala akiwa na malalamiko mengi juu ya mambo yaliyoharibika kazini kwake, na Nsibambi, badala ya kumpa pole, alimwelekeza kuutazama kwanza moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu tofauti, akawa mmoja wa nguzo za uamsho pamoja na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu aliyefariki Januari 1936 akiwa kijana bado, huku wito wake kwa kanisa ukiwa ni neno moja tu la kuamka.

Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa mafundisho ya Biblia hapo Gahini, watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakiomba walianza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuungama. Mwezi wa Septemba 1935 kundi kutoka Gahini lilifundisha Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na kutoka hapo moto ukasambaa: Burundi, Kenya mwaka 1937, na Tanganyika, ambako miongoni mwa Walutheri wa Bukoba alilelewa Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Si kila kiongozi wa kanisa aliyeufurahia uamsho huo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwemo, kwa kuwa hawakukubali kuacha ibada zao za alfajiri na mahubiri yao kwa wenzao.

Maandiko yaliyobeba mwendo wote huu yalikuwa machache, na la kwanza kati yake ni aya ya 7 ya sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, inayozungumzia kuenenda nuruni. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu kitenzi kuenenda ndicho kinachozaa jina mwenendo, hivyo lugha yenyewe inamwonya kwamba jambo linalosemwa ni desturi ya kuishi wala si hisia ya kitambo. Lakini aya hiyo ina mambo mawili ambayo macho ya haraka huyaruka. Kwanza, mtu angetarajia kusoma kwamba anayeenenda nuruni atakuwa na ushirika na Mungu, ilhali Yohana anataja ushirika wa watu wao kwa wao, kana kwamba dalili ya kuwa karibu na Mungu huonekana kwanza kwa jirani. Pili, damu ya Yesu inatajwa kuwasafisha hao hao walio nuruni, na hii ina maana kwamba nuru si makao ya watu waliokwisha kutakata. Nuru ni mahali ambapo uchafu unaonekana na kwa hiyo unaweza kuoshwa. Walokole waliielewa hoja hii kuliko wanatheolojia wengi wa wakati wao, na kutokana nayo wakapata msamiati wao wote: kutembea nuruni, kuweka jambo nuruni, kuvunjika, yaani kuacha kujitetea mbele ya Mungu na mbele ya ndugu.

Kuungama kwa mdomo, hata hivyo, ni rahisi kuliko kurudisha, na hapo ndipo habari ya Zakayo katika sura ya 19 ya Injili ya Luka ilipopata uzito wake. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, mtu aliyetajirika kwa kuwatoza wenzake, na baada ya Yesu kuingia nyumbani mwake aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Anayefungua Torati atakuta kwamba sura ya 5 ya Kitabu cha Hesabu ilimtaka aliyeungama kosa lake mwenyewe arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, wakati malipo ya kondoo wanne kwa mmoja, katika sura ya 22 ya Kutoka, yalikuwa ya mwizi aliyekwisha kumchinja au kumuuza mnyama wa watu. Zakayo angeweza kuishia kwenye sehemu ya tano bila kulaumiwa na mtu. Alijihukumu mwenyewe kwa sheria ya mwizi. Ni baada ya ahadi hiyo ya fedha, wala si kabla yake, Luka anapomwonyesha Yesu akitangaza wokovu katika nyumba ile, ingawa ni wazi kwamba neema ndiyo iliyotangulia, kwa kuwa Yesu alimwita Zakayo kutoka mtini kabla mtu huyo hajatoa hata senti moja.

Walokole walifanya vivyo hivyo, na jambo hili liliwashangaza hata maofisa wa serikali wasiojali dini: vitu vilivyochukuliwa hospitalini vilirudishwa, ng'ombe walirudi kwa wenyewe, na watu walijitokeza kulipa madeni ambayo wadai walikuwa wamekwisha kuyasahau. Kiswahili kinatoa tena msaada katika kulielewa tendo hili. Neno toba limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kurudi, na kwa njia hiyo liko karibu sana na neno la Kiebrania ambalo manabii walilitumia walipowaita watu wamrudie Mungu, ilhali neno la Kigiriki la Agano Jipya hukazia zaidi kubadili nia. Mtu anayetubu anarudi, na anaporudi hurudi na alichokichukua.

Andiko jingine lililowashika ni la Hotuba ya Mlimani, katika sura ya 5 ya Mathayo, ambapo Yesu anamwagiza mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo hapo akapatane naye kwanza. Wasomaji wengi hulichukua agizo hili kana kwamba ndugu huyo ameketi benchi la nyuma. Miongoni mwa waliomsikiliza Yesu walikuwa watu wa Galilaya, na madhabahu ya sadaka ilikuwa Yerusalemu peke yake, mwendo wa siku tatu au zaidi kwa miguu, kwa hiyo kilichokuwa kikiagizwa kwa mtu kama huyo ni kumwacha mnyama wake hekaluni, kurudi nyumbani siku zote hizo, kuomba radhi, kisha kuipanda tena njia ileile. Izingatiwe pia kwamba anayetakiwa kusafiri si aliyekosewa; ni yule ambaye mwenzake ana lalamiko juu yake. Hakuna andiko linaloonyesha kwa nguvu kama hili kwamba mbele za Mungu ibada inaweza kungoja, lakini upatanisho haungoji.

Huko Gahini agizo hilo liligeuza hata ngazi za heshima za ukoloni, kwa sababu wamisionari nao walianza kuungama hasira zao, majivuno yao na dharau yao kwa Waafrika mbele ya wafanyakazi wao, na waume waliungama mbele ya wake zao katika jamii ambamo jambo hilo halikuzoeleka. Mikutano ya ushirika, iliyofanyika kila juma na ambayo katika sehemu nyingi inaendelea mpaka leo, haikuwa na mchungaji wa kuisimamia kwa lazima. Muuguzi, mkulima na askofu walishuhudia kwa zamu, na ushuhuda maana yake ilikuwa kueleza Neno limefanya nini kwa mtu tangu kikao kilichopita. Wimbo wa Tukutendereza, wa Kiganda, uliimbwa na watu wa makabila mengi bila kutafsiriwa.

Usomaji wa namna hii ulijaribiwa vikali. Wakati wa hali ya hatari nchini Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952, Wagikuyu waliookoka, walioitwa Ahonoki, walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema kwamba damu ya Kristo imekwisha kuwafunga, na wengi wao walikataa pia kushika bunduki upande wa serikali; wakabaki wamezikasirisha pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kwa njia ya uamsho huu, alisimama na maaskofu wenzake kuandika waraka wa kumlalamikia Idi Amin juu ya mauaji, akauawa tarehe 16 Februari 1977, siku ambayo sasa ni sikukuu ya taifa. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alikimbilia nje ya nchi mwaka huohuo, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake lilitamka kwamba anampenda Amin. Msamaha wa Kivengere ulikuwa na thamani kwa sababu hakuyaficha maovu aliyoyasamehe.

Haki inadai upande wa pili nao usemwe. Katika vikundi vingine nuru iligeuka kuwa upelelezi, asiye na dhambi mpya ya kuungama akashukiwa kwamba anaficha, na mambo ya mavazi na nywele yakapewa nafasi kubwa kuliko Injili inavyoyapa. Zito zaidi ni la Rwanda yenyewe, chimbuko la uamsho, ambako kuanzia Aprili 1994, katika muda wa siku mia hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa, wakiwemo wengi waliokimbilia makanisani. Ni kweli kwamba Waanglikana walikuwa wachache nchini humo na kwamba wapo waamini waliowaficha majirani wakahatarisha maisha yao. Hata hivyo jambo moja halikwepeki: watu waliofundishwa kuungama shuka lililoibwa hospitalini hawakufundishwa kwa bidii ileile kuungama chuki ya kabila, cheo kilichopatikana kwa upendeleo, wala ukimya wa kanisa mbele ya watawala. Aya za Yohana hazina mpaka huo. Waraka wake unaendelea hadi kusema kwamba amchukiaye ndugu yake yumo gizani, na chuki hiyo haipungui uzito kwa kuwa inashirikiwa na umati.

Kosa hilo haliondoi ukweli wa njia waliyoionyesha. Linadai ifuatwe mbali zaidi kuliko walivyoifuata wao. Biblia leo iko katika simu za mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili, mahubiri husikika redioni usiku na mchana, na wengi husoma aya ya siku kila asubuhi kabla ya chai. Hayo yote ni mema. Lakini mfanyabiashara anayejua kwamba mizani yake inapunja, mwajiri anayeshikilia mshahara wa mfanyakazi wa ndani, na ndugu waliogawana shamba la marehemu kwa kumdhulumu mjane hawajakosa maarifa ya Maandiko. Wamekosa mtu wa kuwauliza aya ile imefika wapi.

Anayetaka kuanza anaweza kufungua Waraka kwa Filemoni, barua fupi kuliko zote za Paulo, yenye aya 25 tu. Paulo anaandika kwa ajili ya Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake, na kwa mkono wake mwenyewe anaahidi kulipa chochote ambacho Onesimo anadaiwa. Barua hiyo inahusu deni na ugomvi wa watu wawili, lakini haikupelekwa kwa Filemoni kwa siri: mwanzoni kabisa inawataja pia Afia, Arkipo na kanisa lote lililokutana nyumbani mwake.