Kwa nini jiwe jekundu la Matombo linawaka kwenye tochi ya noti

Jumamosi niliondoka Kilakala saa kumi na mbili asubuhi, mimi na pikipiki tu. Nikapita Bigwa, nikashika barabara ya Kisaki, Mkuyuni hadi Matombo. Mwenzangu wa chumba nilimwaga: nisiporudi jioni, aanzie kunitafuta huko. Mfukoni nilikuwa na tochi ndogo ya kukagulia noti.

Kijiweni, kijana mmoja mchimbaji alinifungulia kikaratasi: vijiwe vinne vyekundu, kila kimoja kama punje ya mahindi. Dalali alishamwambia vyote ni garneti, na bei akampa ya garneti. Tukaingia bandani penye giza, nikawasha tochi. Vitatu vikabaki vyeusi. Kimoja kikawaka kama kaa la moto.

Sasa msomaji, kwa nini?

Rubi ni alumini na oksijeni. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Wekundu huletwa na kromiamu kidogo sana inayokalia nafasi za alumini. Kromiamu hiyo hunyonya mionzi ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni, kisha hutoa mwanga mwekundu. Chuma ndicho huzima mwanga huo, na garneti nyekundu kwa kawaida ina chuma kingi.

Rubi ya huku ina chuma kidogo kwa sababu imezaliwa ndani ya marumaru. Marumaru hiyo ilikuwa chokaa ya chini ya bahari. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana na kuunda Gondwana, joto na mgandamizo vikaigeuza, na udongo uliochanganyika nayo ukatoa alumini. Bahati ni kwamba marumaru ina silika kidogo. Ingekuwa nyingi, alumini ingeishia kwenye madini ya kawaida tu. Kwa hiyo ukiona mwamba mweupe wa marumaru, angalia mara mbili.

Ila usikimbilie kushangilia. Spineli nyekundu, kama zile za Mahenge, nazo huwaka. Hata rubi za kiwandani, zinazotengenezwa kwa zaidi ya miaka 100 sasa, huwaka. Tochi haikwambii "hii ni rubi"; inakwambia "usiuze kwanza, kapime maabara".

Yule kijana hakuuza siku ile. Alikifunga kile kimoja peke yake, akaniuliza tochi zinauzwa wapi. Nikamwachia yangu.