Baiskeli ya Umeme kwa Njia ya Milima: Tuangalie Nini Kabla ya Kununua?

Katika sehemu za milima kama Usambara, wapo wengi wanaoishi bondeni na kufanya kazi juu. Kila asubuhi hupanda, kila jioni huteremka. Mwenye baiskeli hufika mahali akashuka na kuisukuma, na akifika kazini tayari amechoka. Miaka hii zimeingia baiskeli za umeme, na baadhi ya familia wanatuuliza: je, baba mwenye presha au mama anayeumwa magoti anaweza kuitumia? Tununue ya namna gani? Kwa kuwa bei yake si ndogo, na kuanguka mlimani ni jambo la hatari, yafaa tulieleze jambo hili kwa makini.

Ni chombo gani?

Ni baiskeli yenye pedali kama nyingine, ila imeongezewa betri na mota. Ziko zinazosaidia pale tu unapokanyaga pedali, na ziko zenye mkono wa kuzungusha kama wa pikipiki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya kawaida ya umeme ina mota isiyozidi wati 250, husaidia anayekanyaga pedali tu, na msaada hukatika ikifika mwendo wa kilomita 25 kwa saa.

Faida kwa afya

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku tano, inatosha kuanzia. Kipimo chake ni rahisi: unahema kuliko kawaida, unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Baiskeli ya umeme inayosaidia unapokanyaga inaweza kukupa mazoezi hayo bila kuutesa moyo na magoti pale mlima unapokaza. Ile ya kuzungusha mkono tu itakufikisha, lakini mwili umekaa bure.

Panga kiti vizuri. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini mno magoti yatauma hata ukiwa na mota.

Anayepata maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi kwa kazi ndogo, mwenye kizunguzungu au kifafa, amwone daktari kwanza. Mwenye presha asiache dawa kwa sababu ameanza kuendesha baiskeli. Aidha, dawa nyingine za presha huleta kizunguzungu siku za mwanzo. Asubiri mwili uzoee.

Mlima unadai nguvu kiasi gani?

Tuchukue mtu, baiskeli na mzigo, jumla kilo 100. Kwenye mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, kwenda kilomita 10 kwa saa kunadai zaidi ya wati 200. Mtu mzima wa kawaida akikanyaga kwa muda mrefu hutoa wati 75 hadi 100 hivi. Ndiyo maana hushuka na kusukuma. Mota nzuri ya wati 250 hujaza pengo hilo, ilimradi naye asaidie.

Mambo matano ya kuangalia

1. Breki. Wengi huuliza mota kwanza. Sisi tunaanza na breki, kwa sababu aliyeshindwa kupanda husukuma, lakini aliyeshindwa kusimama huletwa hospitali. Baiskeli ya umeme ni nzito, mara nyingi kilo 20 hadi 30. Breki za mpira zinazobana rimu ya chuma hupoteza nguvu sana wakati wa mvua. Chagua breki za diski, mbele na nyuma, na mota ikatike mara unapobana breki.

2. Mahali pa mota. Mota iliyo ndani ya gurudumu ni nafuu na inafaa vilima vifupi. Lakini haitumii gia za baiskeli. Kwenye mlima mrefu na mkali huenda polepole, ikapata moto. Mota iliyo katikati, penye pedali, husukuma kupitia mnyororo na gia, hivyo hupanda vizuri zaidi. Gharama yake ni kubwa, na mnyororo huchakaa upesi.

3. Betri. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Kwa ule uzito wa kilo 100, kila mita 100 za kupanda kwenda juu hula wati-saa 40 hivi mota ikifanya kazi yote. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kupanda mita 1,000 hivi: betri hiyo peke yake haitoshi, lazima miguu isaidie. Nunua betri yenye uwezo mara mbili ya safari yako, maana huchakaa kadiri miaka inavyokwenda. Ya lithiamu ni nyepesi na hudumu kuliko ya risasi.

4. Gia na uzito. Hakikisha ina gia nyepesi ya kupandia. Siku betri ikiisha, je, utaweza kuisukuma hadi nyumbani?

5. Fundi na vipuri. Uliza kabla ya kulipa: tairi, vipande vya breki, chaja na betri vinapatikana wapi?

Ijaribu mlimani

Usiijaribu kwenye uwanja wa tambarare mbele ya duka. Nenda nayo kwenye mlima mkali ukiwa na mzigo wako wa kila siku. Simama katikati, kisha uanze tena kupanda. Teremka polepole ukibana na kuachia breki zote mbili. Muuzaji akikataa jaribio hilo, usitoe fedha yako.

Usalama wa nyumbani na njiani

Kuchaji betri hiyo kunakula chini ya nusu yuniti ya umeme. Tumia chaja yake tu. Usichaji mnapolala, wala chumbani, wala karibu na mlango mnaoutegemea kutokea. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoingia maji isichajiwe kamwe. Ikianza kutoa moshi, toeni watu nje kwanza.

Njiani vaa kofia ngumu, funga kamba yake, na uwe na taa mbele na nyuma. Usipakie mtoto kwenye keria isiyo na kiti chake.

Familia inayopanga kununua ikae pamoja, ihesabu safari, uzito na mlima wao wenyewe. Kama fedha haitoshi kwa mota kubwa na breki nzuri kwa pamoja, punguzeni mota. Breki msipunguze.