Askofu anapochafuliwa magazetini: funzo kutoka kwa Mtakatifu Oscar Romero



Wapendwa taifa la Mungu, mara kwa mara waamini hutuuliza: Askofu akiandikwa vibaya gazetini, tufanye nini? Tunyamaze? Tumtetee? Au tukubali tu, kwa kuwa wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja? Ili kupata jibu, tumtazame mchungaji ambaye magazeti ya nchi yake yalimwandama kwa miaka mitatu, na ambaye leo Kanisa linamheshimu altareni: Mtakatifu Oscar Romero wa El Salvador.

Romero alianza utume wake kama Askofu Mkuu wa San Salvador mwezi Februari 1977. Tarehe 12 Machi mwaka huohuo, Padre Rutilio Grande, Myesuiti na rafiki yake, aliuawa pamoja na mzee mmoja na kijana mmoja wakiwa njiani kwenda kwenye Misa. Askofu Mkuu akaagiza kwamba Dominika ya tarehe 20 Machi iadhimishwe Misa moja tu jimboni kote, mbele ya Kanisa Kuu. Tangu hapo mashambulizi ya magazeti yakazidi. Matangazo ya kulipiwa, mengine yakitolewa kwa majina ya vyama visivyojulikana, yalimwita mkomunisti, mchochezi wa vurugu na mwanasiasa aliyevaa kanzu.

Tuyapime mashtaka hayo kwa matendo na maandishi yake mwenyewe. Je, alikuwa mtetezi wa waasi? Mwezi Mei 1977, waasi wa mrengo wa kushoto walipomuua Waziri wa Mambo ya Nje, Mauricio Borgonovo, waliyekuwa wamemteka, ni Romero aliyeongoza Misa ya maziko na kulaani mauaji hayo. Katika barua yake ya kichungaji ya Agosti 1979 alikemea kuabudu mali na kuabudu usalama wa taifa. Lakini alikemea pia kosa la vyama vya wananchi kujifanya miungu. Je, aliiacha Injili akashika siasa? Mahubiri yake ya kila Dominika yalianza kwa kufafanua masomo ya siku kwa kirefu. Baada ya hapo tu ndipo alipotaja matukio ya juma: waliouawa, waliotekwa, waliopotea. Taarifa nyingi kati ya hizo zilikusanywa na ofisi ya jimbo ya msaada wa sheria, kutoka kwa familia zenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu letu la kwanza. Askofu hatetewi kwa kelele wala kwa matusi dhidi ya waandishi. Hutetewa kwa ukweli uliochunguzwa.

Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Katekisimu, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya heshima ya mtu: kumhukumu kwa haraka bila msingi wa kutosha, kutangaza kasoro zake bila sababu ya haki, na kumsingizia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 220, inalinda jina jema la kila mtu, awe Askofu au katekista wa kigango.

Hata hivyo, tusimfanye mwandishi wa habari kuwa adui. Romero mwenyewe aliwahi kuwa mhariri wa gazeti la jimbo kuu, Orientación, na mwaka 1973 gazeti hilo lilitoa tahariri kali dhidi ya shule ya Wayesuiti, iliyowaumiza wengi. Alijua kwamba kalamu ya mtu wa Mungu nayo yaweza kukosea. Tena, kumtetea Askofu si kuficha kosa. Mwaka 2019, Baba Mtakatifu Fransisko aliweka utaratibu wa kupokea mashtaka ya unyanyasaji, hata yanayomhusu Askofu. Lawama yenye ushahidi inastahili kusikilizwa na kuchunguzwa.

Basi, habari ya namna hiyo inapofika katika simu zetu, tujiulize kabla ya kuisambaza: Aliyeandika ana ushahidi gani? Je, anayetuhumiwa amepewa nafasi ya kujibu? Je, maneno yake yamenukuliwa yote, au kipande tu? Asiyeweza kujibu maswali hayo, heri anyamaze na kusali.

Romero aliuawa kwa risasi akiadhimisha Misa tarehe 24 Machi 1980. Kashfa hazikukoma kaburini. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alisikitika kwamba hata baada ya kifo alichafuliwa, wakiwemo ndugu zake katika upadre na uaskofu. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Kwa Romero ilikuwa ndefu: alitangazwa mwenye heri tarehe 23 Mei 2015, na mtakatifu tarehe 14 Oktoba 2018. Katika miaka hiyo yote, maskini wa El Salvador waliendelea kusali kaburini pake, kwa maana walimsikia kwa masikio yao wenyewe, wala hawakungoja gazeti liwaambie yeye ni nani.

Nasi tujitahidi kumsikiliza mchungaji wetu kabla ya kusoma yanayosemwa juu yake.

Mtakatifu Oscar Romero, utuombee.